Dawa ya ugonjwa gani? Nywele zetu kutoka Kazeh hadi saluni za Chemchem

Machi mwaka jana nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya saluni moja ndogo hapa Chemchem, Tabora mjini, nasubiri zamu yangu. Mbele yangu alikaa binti aliyemaliza kidato cha nne Novemba iliyotangulia. Nywele zake zilikuwa hazijafika hata urefu wa kidole, maana miaka yote minne ya shule alikuwa ananyoa. Msusi alikuwa anampaka dawa.

"Inawasha?"

"Kidogo."

"Vumilia mdogo wangu, ndiyo inashika."

Baada ya dakika chache nikaona vidole vya miguu ya yule binti vinajikunja ndani ya kandambili. Hakusema kitu. Na mimi sikusema kitu, ingawa nilikuwa najua kabisa anasikia nini. Miaka sita nyuma, kwenye saluni nyingine katika mji mwingine, niliachiwa dawa kichwani huku msusi akiongea na simu. Nilitoka na nywele laini na kidonda nyuma ya sikio kilichochukua wiki tatu kukauka. Nilipokwenda kumsalimia bibi yangu akaniuliza ni nini, nikamwambia ni dawa tu ya nywele. Akanitazama. "Dawa? Kwani kichwa chako kilikuwa kinaumwa nini?"

Sikuwa na jibu. Ila swali lile lilinikaa, na kwa kuwa kazi yangu ni kusoma historia, nikaanza kulifuatilia. Siku ile ya Machi nilikuwa na miezi 14 bila dawa, na nilikuwa nimekuja kukata ncha za mwisho zilizobaki. Makala haya ni ya yeyote aliye katikati ya safari hiyo, anayeifikiria, au anayeishi na mtu aliyeianza na haelewi kwa nini kila Jumamosi bafu limejaa makopo ya mafuta. Tutapita kwenye kemia kidogo, kisha kwenye historia, halafu tutarudi saluni.

Kwanza: ile dawa inafanya nini hasa?

Uzi wa nywele ukishatoka nje ya ngozi haujakaa kama kiungo kilicho hai. Kinachoishi ni shina lake, ndani ya kinyweleo. Sehemu unayochana na kusuka ni protini iliyokauka, inaitwa keratini, protini ileile ya kucha na kwato. Minyororo ya keratini hulala sambamba na kushikana kwa vifungo vya aina mbalimbali. Vilivyo imara kuliko vyote ni vifungo vya salfa: atomu ya salfa ya mnyororo huu imeshikana na atomu ya salfa ya mnyororo ule. Umbo la kinyweleo chako, ambalo umerithi, ndilo linaloamua uzi utoke umenyooka au umejikunja. Vifungo vya salfa vinausaidia kubaki na umbo hilo hata ukiulowesha na kuukausha mara elfu.

Ukinyoosha nywele kwa chanuo la moto, unavunja vifungo vile dhaifu tu. Mvua ya Tabora ikikupiga, nywele zinarudi zilivyokuwa. Dawa ni habari nyingine. Ile ya zamani ina sodiamu haidroksaidi, yaani kostiki, jamaa wa kitu kilekile ambacho watengeneza sabuni wanakichanganya na mafuta. Ile inayoandikwa kwamba haina kostiki mara nyingi huja na vitu viwili vya kuchanganya, krimu ya kalisi na kimiminika, ambavyo vikikutana vinazaa alkali nyingine kali. Zote mbili huwa na pH ya kati ya 12 na 14. Ngozi ya kichwa iko karibu na 5. Na usidhani tofauti ya hatua saba ni ndogo: kila hatua ya pH ni mara kumi, kwa hiyo kutoka 5 mpaka 12 ni mara milioni 10.

Alkali hiyo ikiingia ndani ya uzi inashambulia kifungo cha salfa na kung'oa atomu moja kati ya zile mbili. Kinachobaki ni kifungo kipya chenye salfa moja tu, na hicho hakirudi kuwa cha kwanza. Shampuu ya mwisho, ile ambayo msusi anaosha na kurudia, kazi yake ni kuua alkali iliyobaki. Haijengi upya kilichovunjika. Mafuta hayajengi, parachichi haijengi, yai halijengi. Kwa kuwa uzi wenyewe si kitu kilicho hai, hauna namna ya kujiponya.

Shika jambo hilo moja, kwa sababu ndilo linalotofautisha dawa na karibu kila kitu kingine ambacho binadamu wamefanyia nywele zao hapa kwetu. Msuko unafumuliwa. Uzi unatolewa. Rangi ya udongo inaoshwa. Wigi linavuliwa usiku. Dawa inatoka kwa njia moja tu: kuota nywele mpya na kukata za zamani.

Kazeh, 1857

Watu wanaposema wanarudi kwenye nywele za asili, mara nyingi wanawaza kwamba zamani kulikuwa na kichwa kimoja cha Kiafrika, kitulivu, kisichoguswa, mpaka mgeni alipokuja kukiharibu. Nilianza utafiti wangu nikiamini hivyo. Historia ya mji huu haikunikubalia.

Tabora ilikua pale zilipokutana njia za misafara, katika nchi ya Unyanyembe. Misafara ya pembe na watumwa ilitoka pwani, ikapita hapa, ikagawanyika: wengine Ujiji na Manyema, wengine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na kwao safari ya pwani lilikuwa jambo la heshima kwa kijana. Walikwenda na pembe, wakarudi na vitambaa, shanga, waya wa shaba, na bila shaka macho yaliyoona mengi.

Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, makazi ya wafanyabiashara wa Kiarabu katika eneo hilo, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waondoke pwani. Burton alikuwa mtu wa dharau, na kitabu chake cha mwaka 1860 kinahitaji kusomwa kwa tahadhari. Lakini alikuwa na jicho. Anawaeleza Wanyamwezi wenye nywele zilizosokotwa vijisokoto vingi vidogo, zikaning'inia kama pindo la nguo mpaka shingoni, zikiwa zimechanwa kutoka kwenye paji la uso. Soma tena: zimesokotwa, zikaachwa zirefuke, zikachanwa kwa mtindo. Hizo hazikuwa nywele zilizoachwa zijiotee. Mtu alikaa chini, mwingine akakaa nyuma yake, saa zikapita.

Kwa hiyo katika njia kuu ya biashara ya Afrika Mashariki, mahali ambapo Mnyamwezi, Mmanyema, Mswahili wa pwani na Mwarabu wa Oman walipishana sokoni, kichwa kilikuwa kimeshakuwa mahali pa mtindo. Kama unatafuta siku ambayo nywele za hapa hazikuwa zimeguswa na fasheni, hutaipata Kazeh.

Singa na kipilipili

Kitu kingine kilichopita njiani pamoja na vitambaa ni lugha. Kiswahili kilipanda kutoka pwani, na ndani yake tunayo maneno mawili ambayo wewe na mimi tulijifunza tukiwa wadogo: nywele za singa na nywele za kipilipili. Moja limenyooka, jingine linafanana na punje za pilipili manga zilizotawanyika. Kwenye kamusi hayo ni maelezo ya umbo tu. Lakini hebu jaribu kukumbuka lini ulisikia mtu akisema "ana nywele za kipilipili" kwa sauti ya kusifia. Au mtoto akizaliwa, shangazi anamfunua kofia kwanza kuona nini?

Halafu linakuja neno "dawa". Tunaweka dawa. Nywele zikiota shinani tunasema "zimeharibika", tunakwenda kuretachi. Neno limeshaamua kabla ya sisi kuamua: zilizojikunja ni tatizo, zilizonyooka ni nafuu. Ndiyo maana swali la bibi lilinikwama. Yeye alilichukua neno kama lilivyo.

Dawa yenyewe imetoka wapi?

Imetoka mbali, na imetoka kwa watu weusi. Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, waliishi wajukuu na vitukuu wa watumwa katika nchi ambayo nywele zako zingeweza kuamua kama utapata kazi. Garrett Morgan, fundi na mvumbuzi wa Cleveland, alikuwa na karakana ya cherehani. Inasimuliwa kwamba alikuwa akitafuta kimiminika cha kuzuia sindano isiunguze kitambaa cha sufu, akaona nyuzi za sufu zimenyooka, akajaribu kwa mbwa wa jirani, kisha kichwani kwake. Mwaka 1913 alikuwa na kampuni inayouza krimu ya kunyoosha nywele. Ndiye huyohuyo aliyepata hataza ya kifaa cha kuongozea magari mwaka 1923. Wakati huohuo Madam C. J. Walker, binti wa wazazi waliokuwa watumwa, alijenga utajiri mkubwa kwa kuuza mafuta ya kutunza kichwa na kuwafundisha maelfu ya wanawake weusi kazi ya kuyauza. Alifariki mwaka 1919.

Wanaume nao walijipaka. Malcolm X, katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1965, anaeleza alivyonyooshwa nywele kijanani kwa mchanganyiko wa kostiki, viazi na mayai, kichwa kikiwaka moto, na jinsi baadaye alivyoona kwamba siku ile alijidhalilisha mwenyewe. Kufikia hapo George E. Johnson wa Chicago alikuwa ameshaanzisha kampuni yake, mwaka 1954, na bidhaa za kunyoosha zilikuwa zimeacha kuwa za jikoni na kuingia viwandani, kwenye makopo yenye nembo.

Naieleza hadithi hii kwa sababu tunapenda kusema dawa ni "mambo ya wazungu". Waliotengeneza na kuuza wengi walikuwa weusi wakiwauzia weusi. Shinikizo lilitoka kwenye nchi iliyowabagua. Suluhisho walilibuni wao. Mambo mawili hayo ni kweli kwa pamoja, na ukiondoa moja huelewi kitu.

Mwaka wigi lilipopigwa marufuku

Sasa turudi nyumbani. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kampeni iliyoitwa Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969, vitu hivi vingekuwa haramu kwa jina la utamaduni wa taifa: sketi fupi, suruali za kubana, krimu za kujichubua, na mawigi. Kabla hata tarehe haijafika, vijana Dar es Salaam waliwavamia wanawake Kariakoo, wakawashusha kwenye mabasi na kuwachania nguo, mpaka polisi wakaingilia. Magazeti yakajaa barua, wengine wakishangilia, wengine wakiuliza: utamaduni wetu ni upi, na nani kawapa vijana wa kiume kazi ya kuupima kwenye mwili wa dada zao?

Kwa mwanahistoria marufuku ni ushahidi mzuri. Hakuna anayepiga marufuku kitu kisichokuwepo. Ikiwa wigi lilihitaji operesheni mwaka 1968, basi lilikuwa limeshapata wateja wa kutosha kuwaudhi viongozi.

Lakini subiri. Miaka hiyohiyo, kuanzia 1967, serikali iliendesha kampeni nyingine kwa Wamasai. Hao walitakiwa waache mavazi yao, waache kujipaka udongo mwekundu, na waache nywele ndefu zilizosukwa, kwa sababu ni mambo ya kale yanayolitia taifa aibu. Waliopinga Operesheni Vijana waliligundua hilo mapema na kulisema. Ukiweka kampeni mbili hizi meza moja, mwanamke wa mjini mwenye wigi alikosea kwa kuwa wa kigeni mno, na kijana wa Kimasai mwenye msuko alikosea kwa kuwa wa asili mno. Kichwa sahihi cha Mtanzania kilikuwa pale katikati, na aliyeamua katikati ni wapi hakuwa mwenye kichwa.

Hili ndilo jambo nililolikuta tena na tena, na ndilo ninalotaka uondoke nalo. Kwenye historia yetu nywele zimekuwa zikipewa amri kutoka pande zote. Shule inasema nyoa. Chama kilisema vua wigi. Mwajiri anasema "uje nadhifu", na wote mnajua ana maana gani. Mwaka 2019 Wizara ya Fedha nayo ikaingia: bajeti ya mwaka ule ilileta ushuru wa asilimia 10 kwa mawigi na nywele bandia za kutengenezwa nchini na asilimia 25 kwa za kutoka nje. Miaka 50 kutoka marufuku mpaka kodi. Na siku hizi limezuka kundi jipya, la watu wa asili wenyewe, linalomtazama mwenye dawa kama msaliti. Amri nyingine hiyo.

Kalikiti na ruksa

Dawa ya mabinti wa leo ilipitia mlango uliofunguliwa miaka ya 1980. Baada ya miaka ya maduka matupu, mwaka 1984 serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na mwaka uliofuata akaja Rais Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa. Mitumba ikajaa masoko. Marekani wakati huo walikuwa wamekolea mtindo wa nywele za mawimbi yenye kung'aa, na huku kwetu tukauita kalikiti. Kemia yake ni tofauti kidogo: kifungo cha salfa kinavunjwa kwa kemikali maalumu, nywele zinaviringishwa kwenye rola, kisha vifungo vinaunganishwa upya katika umbo la rola. Mama yangu mdogo anakumbuka foronya za mito zilizokuwa zinanuka mafuta, na kochi la sebuleni lenye doa pale ambapo mjomba alikuwa anaegemeza kichwa.

Kalikiti ilipita. Dawa ya kunyoosha ilibaki, kwa sababu mbili za kawaida kabisa. Ya kwanza ni bei: kopo moja linaweza kugawanywa kwa vichwa kadhaa. Ya pili ni shule. Katika shule nyingi za serikali wasichana hunyoa au hukata nywele fupi kabisa, tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne au cha sita. Fikiria maana yake. Binti anafika miaka 17 au 18 hajawahi kuishi na nywele zake. Hajui zinajikunja vipi, zinakunywa mafuta kiasi gani, zinachanwaje. Siku anapopewa ruhusa ya kuziotesha, mtu wa kwanza anayekutana nazo ni msusi mwenye kopo. Tunasema nywele zetu ni ngumu. Wengi wetu hatukuwahi kupewa muda wa kujifunza kama ni kweli.

Je, ina madhara mwilini?

Hapa niwe mwangalifu, maana mitandaoni kuna kutishana kwingi. Oktoba 2022 watafiti wa taasisi za afya za serikali ya Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497, wenye umri wa miaka 35 hadi 74, kwa karibu miaka 11. Katika kipindi hicho 378 walipata saratani ya mfuko wa uzazi. Kwa wale ambao hawakuwahi kutumia dawa za kunyoosha, uwezekano wa kuipata kufikia umri wa miaka 70 ulikadiriwa kuwa asilimia 1.64. Kwa waliotumia mara kwa mara, zaidi ya mara nne ndani ya mwaka, asilimia 4.05.

Isome vizuri. Ni zaidi ya mara mbili, na si jambo la kupuuza. Pia ni takribani wanawake 4 kati ya 100, na utafiti wa aina hiyo unaonyesha vitu viwili vinavyotembea pamoja bila kuthibitisha kwamba kimoja kimekizaa kingine. Wala usiichanganye na saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ndiyo inayowaua wanawake wengi zaidi hapa Tanzania na ambayo ina chanjo na vipimo. Dawa ya nywele isikufanye usahau kupima hiyo.

Madhara ya ngozi hayana utata: kostiki inaunguza. Na kuna hili la wasusi. Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake wameonyesha kwamba kunyonyoka nywele pembezoni mwa kichwa kwa sababu ya kuvutwa hutokea zaidi pale misuko inapowekwa juu ya nywele zenye dawa. Ule mchanganyiko tunaoupenda, kuretachi leo na rasta za kubana kesho, ndio mbaya kuliko yote.

Upande wa pili wa mizani, utafiti uliochapishwa Juni 2023 na Tina Lasisi, Nina Jablonski na wenzao ulitumia sanamu yenye joto la mwili, ikavalishwa mawigi ya nywele za binadamu na kuwekwa chini ya taa kali mithili ya jua. Nywele za aina zote zilipunguza joto linalofika kichwani. Zilizojikunja sana ndizo zilizokinga kuliko zote. Ukitembea kutoka stendi hadi Chemchem saa saba mchana mwezi wa Oktoba, kipilipili chako kiko kazini.

Ule mstari

Ukiacha dawa leo, kitakachotokea ni hiki. Nywele mpya zinaota kutoka shinani na umbo lake la kuzaliwa. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2001 vilipata kwamba nywele za Waafrika hukua wastani wa robo milimita kwa siku, yaani kama milimita 8 kwa mwezi. Baada ya mwaka una sentimita 9 hadi 10 za nywele mpya, na chini yake zinaning'inia za zamani. Pale zinapokutana kuna mstari. Ukiuvuta uzi mmoja na kuutazama kwenye mwanga utauona: juu umejikunja, chini umelala. Pale ndipo unapokatika, kwa sababu sehemu iliyopikwa na alkali ni dhaifu kuliko iliyo juu yake.

Njia ni mbili. Unaweza kukata zote siku moja ukabaki na nywele fupi, ukawa umemaliza. Au unaweza kungoja, ukikata ncha kidogo kidogo. Ukingoja, chana nywele zikiwa zimelowa na zina mafuta au kirutubisho, anzia nchani upande juu, taratibu hasa pale kwenye mstari. Punguza moto wa draya na pasi. Suka mitindo isiyovuta. Twende kilioni au mabutu yaliyolegea yanatosha, na msusi akikaza mpaka nyusi zinapanda, mwambie alegeze. Usimwonee aibu, kichwa ni chako. Na ukiamua kuendelea na dawa, ni haki yako vilevile: usiweke kwenye kichwa chenye kidonda au ulichokuna jana, pakeni mafuta kwenye ngozi kwanza, hesabuni dakika, na ikianza kuwaka ioshwe. Kuwaka maana yake ngozi inaungua. Haina maana kwamba inashika.

Mimi nilichagua kungoja, na kusema kweli miezi ya katikati ilikuwa mibaya. Kichwa kilikuwa na nywele za watu wawili. Mwezi wa nane nilikaribia kurudi kwenye kopo. Kilichonizuia hakikuwa uzalendo. Nilikuwa tu nimeshaanza kutaka kuona zinafananaje.

Siku ile Chemchem binti aliposimama kwenda kuoshwa, aliniuliza kwa nini nakata nywele nzuri hivi. Nikamwonyesha ule mstari, akaugusa kwa kidole. Kisha akakumbuka kitu. "Dada, mimi nikichaguliwa kidato cha tano, Julai si watanyoa zote?"

Msusi akacheka. "Watanyoa, ndiyo."

Binti akajishika nyuma ya sikio, pale palipokuwa panawaka, akaenda kwenye sinki. Mimi nikakaa kwenye kiti chake. Nilitamani ningekuwa nimefungua mdomo dakika kumi nyuma, wakati vidole vilipoanza kujikunja. Ndiyo maana leo nimekuandikia wewe.